Wali Mwekundu wa Mama Fumi

Siku ile sebuleni tulikuwa watano: mimi Zarina, mkubwa; Amin, aliyenifuata; Shirin, kitindamimba wetu; Mzee Kassam, mwenye nyumba, aliyekuwa na duka Mwanza kabla ya kufungua jingine hapa Kenton, London; na Mama Fumi, jirani yetu Mjapani, mshonaji wa nguo. Nyumba nzima ilinukia maharage madogo mekundu yaliyopikwa pamoja na mchele, wali wa sherehe wa kwao Mama Fumi, harufu tamu kidogo kama ya udongo uliolowa. Mpaka leo ikinipitia puani, nasimama.

Tulitoka Tanga na mama peke yake. Baba tulikuwa tumemzika huko. Baridi ya kwanza ya London ikamchukua mama kwa kifua. Nikaacha shule, nikashika pasi kwa dobi, nikawa ndiye ninayewafunga wadogo zangu vifungo asubuhi. Amin alizoea. Shirin alinyamaza. Sisi alitunong'oneza, mbele ya mgeni mdomo ulifungwa kabisa. Mwalimu aliyemwona kabla ya kumpokea aliniambia kwa upole kwamba asipoitikia hata jina lake, atapelekwa shule ya watoto wasiosema, mbali, ambako mtoto hulala na kurudi nyumbani Ijumaa. Nami nilikuwa nimemwahidi mama kwamba hatutatawanyika.

Nilimweleza Mama Fumi uani tukianika nguo. Akauliza, "Sherehe yake ya kuingia shule ni lini?" Nikamwambia hapa hakuna sherehe, mtoto huachwa mlangoni. Akaliteremsha shuka alilokuwa amelishika. Kwao, alisema, siku hiyo mzazi huvaa nguo yake bora, watoto wapya huketi mbele ya watu, huitwa majina mmoja mmoja, na kila mmoja huitika kwa sauti. "Hapo wote wanajua amefika. Jumapili tutafanya kwenu."

Jumapili alikuja amevaa kimono ya kijivu, vazi la heshima la kwao, akanilazimisha nivae sari ya mama, ambayo sikuwa nimeikunjua tangu msiba. Mzee Kassam alifanywa mgeni rasmi. Hotuba yake ilikwenda Mwanza na kurudi, hadi Amin akasema, "Mzee, wali unapoa."

"Nyamaza wewe, ndiyo kwanza nimeshuka kwenye treni."

Kisha Mama Fumi akasimama, akamwita Amin, ingawa yeye hakuwa mgeni shuleni. Akaitika. Akamwita Shirin. Kimya. Hakurudia wala hakumsogelea. Alisubiri tu, mikono mbele, kama mtu asiye na safari. Halafu akaita, "Zarina." Sikutarajia. Jina langu halikuwa limeitwa hivyo tangu nilipoacha shule, na nilijua halingeitwa tena.

"Na dada anaingia leo," alisema. "Ulezi nao una siku ya kwanza."

Nilisimama niitike. Nikabaki nimesimama ndani ya sari ya mama, machozi yakinitoka. Ndipo Shirin akanivuta pindo, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Naam. Yupo. Na mimi nipo."

Mama Fumi akainama, kama wanavyoinama kwao, na sisi tukainama vibaya vibaya. Tulipokula, Shirin akamwambia mdomo umejaa, "Wali huu hauna nazi." Nikatafsiri. Mama Fumi alicheka akijiziba mdomo kwa kiganja. Kesho yake darasani Shirin aliitika "Naam" kwa Kiswahili. Wenzake wakacheka, mwalimu akamwandika kwenye daftari la darasa, na jioni akarudi kulala kwetu.

Sasa Shirin akinipigia simu naiweka mezani, nakata vitunguu, nikirudi bado anasema. Wajukuu zake wakianza shule hupigwa picha mlangoni, kisha gari huondoka. Siwalaumu, wana baba na mama, wanaitwa kila siku. Nilipomuuliza Mama Fumi nimlipe nini, alijibu, "Mfanyie mwingine." Akarudi kwao, na mimi nikashikwa na kazi, kisha na uzee.

Wiki hii kwenye ghorofa ya juu yangu wamehamia dada na mdogo wake, wawili tu. Mdogo anaanza shule Jumatatu. Nikimsalimu kwenye ngazi hujificha nyuma ya koti la dada yake. Maharage nimeshayaloweka. Jina lake bado sijaliuliza.