Bibi Harusi Ndani ya Kompyuta

Rukaiya alizaliwa mtaa wa Malindi, visiwani, akasoma chuo kikuu, kisha akarudi nyumbani kupiga picha za harusi upande wa wanawake. Kazi ilimfaa mtu wa haya kama yeye, kwani ukishika kamera hakuna anayekutaka mazungumzo. Bibi harusi anapotolewa nje, yaani ukumbini, kuonyeshwa wanawake wenziwe, simu za wageni hukusanywa mlangoni kwenye kikapu, mabuibui huvuliwa, vichwa huachwa wazi, na kamera inayobaki ndani ni yake peke yake. Mama wa kila bibi harusi humwambia lile lile: "Mwanangu, picha hizi asizione mwanamme wa nje." Miaka mitatu, haikuvuja hata moja.

Ndiyo maana asubuhi ile, kioo cha kompyuta yake mpya kilipokuwa cheusi, aliingiwa na hofu. Taa ya pembeni inawaka, feni inavuma, kioo giza tupu. Ndani mlikuwa na picha mia nne za Nassra, bibi harusi wa juzi, na moja aliiacha imefunguliwa. Nakala alikuwa nazo kwenye kadi ya kamera, kwa hiyo hakuogopa kuzipoteza. Aliogopa zisije zikaonekana. Alibonyeza kila alichokijua, wapi! Na duka alikoinunua lilikubali kurejeshewa mashine mbovu ndani ya siku saba tu. Leo ilikuwa ya saba.

Akaitia kwenye mkoba, akashika njia ya madukani Darajani. Mara mbili aligeuka kurudi.

"Karibu, bibie," alisema Burhanuddin, mwenye duka. Aliibonyeza, akatikisa kichwa. "Kosa la kiwandani hili. Iache iende Dar, baada ya wiki mbili nakupa mpya."

"Na vilivyomo ndani?"

"Mafundi watavifuta."

"Kabla ya kufuta... watatazama?"

Talib, fundi wa duka, akacheka. "Kwani una nini humo, dada? Siri za serikali?"

Uso ulimwiva. "Kazi za watu," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

"Basi ngoja tuhakikishe kama ni kioo tu."

Kabla Rukaiya hajafungua mdomo, Talib alishachomeka waya kwenye televisheni kubwa ya ukutani, ile inayotazama mlango, na mbele yake mzee mmoja alikuwa akichagua betri. Televisheni ikapepesa. Rukaiya aliona bega lenye hina, kisha nywele na asumini. Hakukumbuka alivyoizunguka meza. Alijikuta amesimama na waya mkononi.

"Sikuona kitu, wallahi," alisema Talib, macho chini. Hakuna aliyemwuliza.

Burhanuddin alishafahamu. "Bibie," alisema taratibu, "ntakuwekea televisheni ndogo stoo, ujifungie peke yako, uzifute. Kisha ndiyo tuipeleke."

Ilikuwa rai njema, nusura aikubali. Lakini mwezi uliopita yeye mwenyewe alimrejeshea binamu yake, Ummy, picha zilizokwisha kufutwa, na kazi haikuchukua hata nusu saa. Alichokiweza yeye, fundi wa Dar atashindwa nacho? Aliona mkono asioujua ukifungua picha moja, ya pili, ya tatu. Aliona simu zikipokezana. Aliona jina la Nassra likitajwa vibarazani.

"Naondoka nayo," alisema.

"Ukitoka nayo leo, kesho siwezi tena kukusaidia. Utabaki na mashine isiyo na kioo."

"Najua."

"Haya, bibie. Hiari yako."

Mlangoni yule mzee wa betri alimpisha bila kumtazama usoni. Rukaiya alitamani amtazame. Asingejua, maishani mwake, kama ile ilikuwa adabu ya kila siku au ni aibu ya mtu aliyekwisha kuona.

Aliukumbatia mkoba kifuani akaingia uchochoroni. Nyumba ya Bi Mwanakheri, mama yake Nassra, ilikuwa baada ya kona mbili. Ilibidi mama huyo ayasikie haya kwa Rukaiya mwenyewe, kabla hayajamfikia kwa mwengine. Kwenye kona ya kwanza Rukaiya alisimama, akitafuta neno la kuanzia baada ya shikamoo.