Rika Lililofagia Uwanja wa Mutsamudu

Dada yangu Zaharia aliolewa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani huko Komoro, na mimi nikabaki Tanga. Mwaka ule mamluki wa Kizungu bado wanatamba Moroni, mji mkuu, akaniletea habari kwamba mwanawe Faridi amefungwa huko kwa kuvuta bangi. "Wewe ndiye mjomba," alisema. "Njoo umchukue." Nikaondoka na nia moja tu: nikirudi naye, nimfungie chumbani mpaka akome.

Moroni, njiani kutoka uwanja wa ndege, Mzungu mwenye sare nyeusi alinipekulia mkoba kwa ncha ya buti. Nilimeza hasira. Mwenyeji wangu katika mtaa wa Badjanani alikuwa Bi Echata, mjane aliyekulia Unguja. Nilimkuta anapakua wali na samaki, chakula cha kumpelekea Faridi jela.

"Kumbe unamjua?"

"Nimjulie wapi? Mfungwa hapa huletewa chakula na jamaa zake, na huyu mama yake yuko Ndzuani. Nani ampelekee?"

Nilimpenda mama yule papo hapo.

Baada ya wiki Faridi akaachiwa, amekonda, hana usingizi, kila neno lamchoma. Tukapanda ndege hadi Ouani, karibu na Mutsamudu. Hapo walitungoja vijana wa rika lake, wenyewe huliita hirimu. "Kwezi, mjomba," wakaniamkia kwa adabu, kisha wakamkumbatia mwenzao bila kumuuliza lolote.

Mutsamudu hakukaa siku nyingi, akavuta tena. Nikajisemea la kuvunda halina ubani, nikaanza kufunga mizigo. Lakini kule akikosa mmoja, hulipa rika zima. Wazee wakawaamuru wote wafagie uwanja wa mji mchana, watu wote wakitazama. Seremala, karani wa bandarini, hata bwana harusi wa juzi, wote wakainama na mafagio.

Faridi akalia. "Niacheni nifagie peke yangu! Kosa ni langu."

"Peke yako ndiko ulikovutia," akamjibu Ahamada, rafiki yake aliye dresa wa zahanati. "Fagia."

Jioni ile wakaja kwangu, Ahamada akiwasemea. "Mjomba, neno ni lako, hatukuzuii. Lakini ukimfungia atajificha tu. Hapa atakula nasi, atalala kwetu kwa zamu. Akivuta leo kidogo kuliko jana, tutashukuru. Akianguka, tutafagia."

Nilimtazama dada. Alikuwa anawaitikia kwa kichwa huku machozi yanamtoka, maana ndiye aliyeniita nije kumchukua. Nikasema, "Basi mkae naye."

Tanga nilirudi peke yangu, na majirani wakanicheka: mjomba gani huyu, kaenda kuchukua mtu karudi na karafuu! Waliponiuliza kama kijana amepona niliwajibu sijui, na kweli sikujua. Nilichojua ni kwamba nilimwacha pazuri kuliko kwangu.

Juzi dada ameleta salamu. Rika limefagia uwanja tena. Safari hii aliyekosa ni mwingine, na wa kwanza kufika na fagio alikuwa Faridi.