Bata Waliobaki Fisksätra

Juzi, ufukweni Fisksätra, mtaa wetu, mzee mmoja Mswidi aliniazima darubini yake nitazame bata. Akasema wametoka kaskazini zaidi, ambako bahari imeganda yote. Hapa kwetu ndiko wanakokimbilia joto.

Nilishangaa. Nilipokuwa mdogo baba alinipeleka pale pale tukitoka kanisani, koti lake likinuka sabuni ya kazini. Barafu ilikuwa ikilia kama mlango mbovu, na bata wamebanana kwenye maji kidogo yaliyobaki. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba ndege huenda Afrika.

"Baba, mbona hawa hawajaenda?"

"Hawa wameachwa na wenzao, mwanangu."

Nikaangua kilio. Mama alikuwa bado Afrika, kwenye kambi ya wakimbizi, akingoja ruhusa ya kutufuata.

"Kwa hiyo na sisi tumemwacha mama?"

 Baba alivua glavu zake akanivika juu ya zangu.

Labda sikumbuki vizuri, lakini sidhani kama alinidanganya kuhusu bata wale. Alisema alichokijua. Mama alifariki kule kule kambini, kabla ruhusa haijatoka. Tangu hapo baba hakunipeleka tena kutazama bata, nami nilidhani amechoshwa na baridi.