Herufi Niliyoichagua Mbele ya Wageni

Meneja aliniwekea kontrola mpya ya tangi la sabuni mikononi, akasema, "Mzee, hii utaiseti wewe, wageni wanakuja saa nane." Nikajibu, "Naam, bosi, kazi ndogo hiyo." Ningesema sijui, angeitwa fundi kutoka nje, wageni wangeoneshwa stoo na kunyweshwa soda, nami nisingekuwa na lolote la kuandika hapa.

Lakini mtu aliyesimamia zamu miaka ishirini na kitu kwenye kiwanda cha sabuni pale Changamwe, mwenye cheti chake cha kidato cha nne kilichotiwa fremu sebuleni, atasemaje hajui? Tena meneja aliniita "injinia" mbele ya watu. Wallahi, neno lile lilinipanda kichwani upesi kuliko mvuke.

Kontrola yenyewe ilikuwa kidude cha kukaa kiganjani, kina vitufe vinne na namba nyekundu. Kazi yake ilikuwa kupima joto la tangi na kuufungua au kuufunga mvuke yenyewe, bila mtu. Ilikuja na kijitabu cha lugha saba, Kiswahili hakimo. Nilikifungua kurasa mbili, nikaona michoro, nikakitia mfukoni mwa koti jeupe, maana siku ile nilivaa koti jeupe. Nilitaka nifanane na mtu anayejua.

Chombo cha zamani kilikuwa na mshale. Kwa miaka yote ile mshale ukifika sabini, tulijua sabuni imeiva. Sabini tuliielekea kama kibla, astaghfirullah. Hakuna aliyewahi kuuliza kama mshale ule unasema kweli. Wiki ile uliganda, ndipo wakanunua hiki kipya.

Mpikaji wa tangi alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, mtu wa maneno machache. Asubuhi ile alikuwa amelipasha tangi moto kwa mkono, kwa valvu ya mvuke iliyo pembeni. Akaliangalia povu, akaniambia, "Limefika pale pale pa kila siku."

Nikawasha kontrola. Jambo la kwanza inalotaka kujua ni aina ya sensa, ile waya inayopima joto tangini, iliyounganishwa nayo, na aina zinaitwa kwa herufi. Yenyewe ilikuja na K. Namba ikasoma themanini na tano.

"Tazama uongo huu!" nikasema. "Tangi la sabini linaitwa themanini na tano."

Shemeji akainama, akaishika waya ya sensa aliyoifunga mwenyewe. "Shemeji, hapa pameandikwa K. Labda ni ule mshale wetu uliokuwa ukitudanganya."

Wapakiaji walikuwa wamesimama wakitutazama. Nikamjibu kwa sauti ya kuwafikia wote: "Yakhe, wewe umesomea kupika sabuni au kusoma waya?"

Wakacheka. Naye alikuwa na haki ya kunijibu, tena jibu alikuwa nalo mkononi. Lakini mimi ni kaka mkubwa wa mkewe, na kwetu mtu habishani na mkubwa wa mkewe kadamnasi. Akaiachia ile waya. "Haya, shemeji. Wewe ndiye mkubwa."

Nikabonyeza hadi J. Namba ikashuka: sitini na saba. Karibu kabisa na sabini yangu! Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa mbuzi wake. Sikuirekebisha kontrola ili iseme kweli. Niliifundisha uongo niliouzoea.

Kisha nikaweka joto tunalolitaka: sabini. King'ora nikakiweka kilie kwenye tisini, nikajiona mwangalifu sana.

Saa nane wageni wakaja, wanne, viatu vinang'aa. Meneja, ambaye tangi lile alilijua kwa kulipita tu akienda maegeshoni, aliniambia kwa upole, "Injinia, ongeza kidogo, waone kazi." Nikapandisha hadi themanini. Mmoja wa wageni akapiga picha kidole changu kikiwa juu ya kitufe. Sijui picha ile iko wapi. Ningependa ichomwe.

Namba zilipanda taratibu: sabini na tatu, sabini na sita, sabini na tisa. King'ora kimya. Lakini ndani ya tangi joto lilikuwa limeshapita mia moja, na sabuni yenye magadi makali ikifika huko haichemki kistaarabu. Povu lilinyanyuka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Wageni walikimbia, meneja akawatangulia. Mimi nilibaki nikibonyeza vitufe, nikingoja kidude kinitii. Shemeji ndiye aliyekwenda pale pembeni kufunga valvu kwa mkono. Aliifunga. Povu lilimmwagikia mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, na tone likaingia jichoni.

Mkono ulipona ukiwa umekunjamana, vidole vitatu havikunjiki. Jicho lile haoni nalo.

Hayo yote dada yangu angeweza kunisamehe. Alinifuata hadi nyumbani, akaniamkia shikamoo kama siku zote, akasema, "Kaka, ajali ni ajali." Hakujua kwamba asubuhi yake meneja alikuwa ameniuliza kosa lilikuwa nini, nami nikajibu, "Waya haikufungwa sawasawa." Nani aliifunga waya? Kila mtu alijua. Shemeji alipata barua ya kuachishwa kazi akiwa bado amefungwa bendeji.

Nilikaa na uongo ule siku nane. Ya tisa nikaenda nikasema kweli: herufi niliichagua mimi, naye alinionya. Meneja akasikiliza, akanywa chai, akasema faili limeshafungwa. Nikaenda kumwambia dada yangu. Alinisikiliza amesimama mlangoni, mumewe ndani akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto.

"Nane," akasema. "Siku nane, kaka, na kila siku ulikuja kumtazama, ukala chakula changu."

Akafunga mlango. Mwaka ule walihamia Likoni. Nimevuka feri mara nyingi, nimetuma watu, nimeomba radhi. Wanangu huenda, hupokewa, hulishwa. Mimi sipokewi. Alikuwa dada yangu pekee, na alikuwa akinitengenezea vitumbua kila Ijumaa tangu mke wangu afariki. Kwa kuona haya kusema "sijui", nilimpoteza.