Matairi ya Baba Limi

Mama Vaileth wa Ngokolo, ambaye jina lake la ubatizo ni Justina, alikuwa na mkwe kwa miaka kumi na miwili na hakuwahi kumtazama usoni. Usidhani walikuwa na ugomvi. Kwao Ushirombo ndivyo alivyolelewa: mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawali chumba kimoja, hawatajani majina, na neno likilazimu hupitishwa kwa mtu mwingine. Evance, huyo mkwe, alipokuja kumsalimia alisimama nje amegeukia barabara, akasema shikamoo kama anayesalimia nguzo ya umeme, naye Justina akaitikia marahaba kutoka jikoni. Chakula kilipelekwa na Vaileth.

"Mama, siku hizi watu wanakaa meza moja na wakwe zao, wanapiga na picha," Vaileth alikuwa akimwambia.

"Wapige. Mimi picha yangu ninayo, nilipiga mwaka wa kipaimara."

Basi Vaileth akabaki kuwa mpita katikati. Yeye ni muuguzi kule Tinde, wanakokaa. Mumewe anafundisha jiografia kwenye sekondari moja ya Shinyanga mjini, na watoto wao watatu wanasoma mjini pia, kwa hiyo kila alfajiri baba na watoto huingia kwenye Raum lao kuukuu wakashika lami, na jioni wakarudi. Ndilo gari la nyumba nzima. Limebeba wagonjwa, limebeba mahindi, limebeba bibi harusi mara mbili.

Wiki moja kabla ya haya ninayoyasimulia, jioni, karibu wafike Tinde, tairi la nyuma likapasuka. Gari likayumba, likatoka barabarani, likaenda kusimama kwenye shamba la pamba la mtu. Hakuna aliyevunjika. Limi, yule mkubwa, alipasuka mdomo akashonwa nyuzi mbili. Yule mdogo alipoletwa kwa bibi yake alisema tu, "Bibi, gari lilicheza." Justina alimtazama Limi akinywa uji upande mmoja wa mdomo, akampigia binti yake.

"Mwambie mwenye gari matairi yabadilishwe yote manne."

"Atabadilisha Jumamosi, mama. Lakini mimi nina zamu. Nenda naye wewe. Yule Masudi wa matairi ni fundi wa maneno, na Baba Limi akitajiwa bei nzuri anaamini. Wewe una mkono."

Huo mkono nao una habari yake. Justina alimaliza darasa la saba kwa masista, na mwaka sabini na tisa akaajiriwa na chama cha msingi kukagua pamba msimu wa ununuzi. Gunia likija, juu pamba safi, nyeupe, inavutia. Katikati imechanganywa fifi, ile pamba chafu ya daraja la chini. Chini kabisa kuna mchanga, au jiwe, au pamba iliyonyunyiziwa maji ili ipande kwenye mzani. Wakaguzi wengine walimwaga gunia zima chini, kazi ikachukua siku. Justina alikunja mkono wa gauni, akazamisha mkono mpaka kwapani, akafumba macho, akatulia kama anayesikiliza. Kisha akasema, "Hapa katikati pamelala maji, baba. Kaanike, urudi keshokutwa." Hakuna aliyebisha mara mbili. Watu wana vyeti vyao ukutani. Yeye alikuwa na mkono.

Jumamosi Evance akaja kumchukua. Akafungua mlango wa nyuma, akasogea mbali mpaka alipoingia. Wawili hao hawakuwahi kuwa peke yao ndani ya chombo kimoja. Evance aliusalimia usukani, Justina akakiitikia kiti cha mbele, na redio ikawasaidia njia nzima.

Kwanza walisimama dukani kwa Champaklal, wanakouza matairi mapya. Justina alibaki garini. Kupitia kioo alimwona Evance akiongea na Mama Kantaben, mke wa Champaklal, mtu mzima ambaye hakai mbali na kaunta yake. Akamwona akilipapasa tairi jipya, akisoma karatasi ya bei, akicheka kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Tutarudi, mama," Evance akasema, akatoka upesi. Justina hakumjua mtu yeyote aliyesema hivyo akarudi.

Wakaenda kwa Masudi, pembeni mwa barabara ya Maganzo. Matairi ya mtumba yamepangwa marefu kuliko mwenyewe, yanang'aa.

"Mwalimu, karibu. Leo nimefungua mzigo wa Japani."

"Mtumba lakini."

"Mtumba wa Japani ni mpya kuliko mpya wenyewe. Wale wenzetu tairi likikanyaga mavi ya kuku wanalitupa." Akamwona Justina anashuka. "Na mayu huyu ni nani?"

"Ni mkubwa wangu," Evance akasema, akitazama matairi.

Masudi ni Msukuma, mama yeyote kwake ni mayu, na mambo ya ukwe hakuhitaji kuelezwa. Akafurahi sana. "Aa, ukweni. Basi leo mimi nauza na kubeba ujumbe. Semeni."

"Muulize mwenye gari," Justina akasema, "anatafuta la kupita vumbi au lami."

"Mwalimu, unaulizwa vumbi au lami."

"Mwambie lami, kila siku, na watoto ndani."

"Mayu, lami, na wajukuu zako ndani. Naona ujumbe unafika bila hata vocha."

Evance alichagua manne haraka, yenye mifereji mirefu iliyosimama. Aliinua moja, akalizungusha, akaliweka chini, na mengine hakuyazungusha. Justina alingoja mkwe wake apite upande wa pili wa gari, ndipo akasogea. Alipitisha kiganja juu ya tairi la kwanza. Tairi lililotembea kingo za mifereji yake huwa za mviringo, zimelika polepole. Hizi zilikuwa kali kama muhogo uliokatwa sasa hivi. Kiganja kikatoka cheusi, kinanuka rangi ya viatu. Akakunja mkono wa gauni, akauzamisha ndani ya tairi, akafumba macho. La kwanza lilikuwa na kiraka kikubwa kama sahani. La pili, kitu kikamchoma kidole. Waya ulikuwa umechomoza.

"Mwanangu," akamwambia Masudi kwa sauti ya chini, "mwambie mwenye gari matairi haya yameisha, mifereji imechongwa kwa kisu yakapakwa rangi. Na hili waya uko nje."

Masudi akakuna kidevu. "Mayu, ujumbe mwingine mjumbe akiubeba unamvunja mgongo." Kisha akapaza sauti upande wa pili wa gari. "Mwalimu, mkubwa wako anasema tufunge haraka, jua linamchoma."

"Mwambie ahsante. Tufunge."

Justina alibaki amesimama na kidole chake. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona neno lake likigeuzwa akiwa amesimama palepale. Akampigia Vaileth; simu ikaita mpaka ikachoka. Masudi akaweka jeki, gari likapanda, nati ya kwanza ikalegea.

Angefanya nini? Akimwambia Evance kwa kinywa chake, amevunja kitu alichokishikilia miaka kumi na miwili huku binti yake akimcheka. Tena angemvunjia mwalimu wa watu heshima yake mbele ya muuza matairi, na kesho mtaa wote ungejua kwamba mwalimu fulani anachaguliwa matairi na mama wa mkewe. Akinyamaza, Jumatatu alfajiri watoto wataingia kwenye gari hilo.

Kuna jambo hakuwahi kumsimulia mtu. Msimu wa mwaka themanini na nne, baba mkwe wake mwenyewe alileta pamba chamani. Justina alizamisha mkono akakuta maji, mengi. Mzee alikuwa amesimama pale, ametazama pembeni kama inavyompasa, na Justina naye akatazama pembeni kama inavyompasa, akasema, "Ipite." Pamba ile ikavunda ghalani ikaambukiza ya wenzake, na lori lilipofika kiwandani shehena ikakataliwa. Malipo ya kijiji kizima yakachelewa mpaka mvua zikanyesha. Mama mmoja jirani yao alikuwa akingojea hela hiyo ampeleke mtoto hospitali. Justina aliilinda heshima yake vizuri, na waliolipia ni wengine.

Masudi alikuwa kwenye nati ya tatu.

"Baba Limi," Justina akasema.

Mgongo wa Evance ukashtuka. Masudi akaacha spana ikining'inia.

"Geuka, baba. Njoo hapa."

Evance akaja amejiinamia, macho kwenye viatu vyake. Justina akalisimamisha lile tairi la pili katikati yao.

"Tia mkono humu ndani. Humu, karibu na wangu."

Mikono yao, ambayo haikuwahi kupeana salamu, ikawa ndani ya tairi moja. Justina akavisogeza vidole vyake mpaka palipochomoza, na vya Evance vikafuata. Aliugusa waya. Hakushtuka. Hakuuliza ni nini. Alitulia tu, na katika kule kutulia Justina akaelewa.

"Ulikuwa unajua."

"Niliona, mama, nilipoliinua tu." Alisema polepole, Masudi asisikie. "Nina laki mbili. Dukani zinatosha mawili tu. Nikasema nikirudi na mawili utaona binti yako ameolewa na mtu asiyeweza kulivalisha gari viatu vinne. Nifunge haya, nitakuwa naendesha taratibu mpaka mwisho wa mwezi."

"Lile la juzi lilipopasuka, ulikuwa unakimbia?"

Evance akautoa mkono tairini. "Hapana, mama. Spidi sitini."

Hapo ndipo Justina alipomtazama. Ndevu zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Alikuwa na kovu juu ya nyusi, la zamani, na yeye hakujua kama mkwe wake ana kovu. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala vya kutosha. Miaka yote hii aliuliza, "Hali ya huko ikoje?" na Vaileth akajibu, "Nzuri, mama, Baba Limi anakusalimia." Justina akajiuliza binti yake amekuwa akibeba ujumbe gani na kufikisha upi.

"Mimi nilikuwa nadhani hujui kuchagua," akasema.

"Ni afadhali ungeendelea kudhani hivyo."

"Jamani," Masudi akaita, "naendelea au nashusha jeki?"

"Shusha," wakasema wote wawili, na Masudi akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mayu, haya mimi niliyapokea hivihivi yalivyo."

"Najua. Na wenye magunia walikuwa wanayapokea hivihivi," Justina akamjibu, akifuta kiganja kwenye khanga yake. "Kaza nati zako. Na hili lenye waya likate leo hii, nikiliona, wafugaji walifanye hori la mbuzi. Usimuuzie mtoto wa mwenzio." Masudi alinung'unika kidogo kuhusu mtaji, lakini alikwenda kuleta msumeno.

Mama Kantaben alipowaona mlangoni alivua miwani. "Mmerudi kweli? Mtu akiniambia atarudi mimi huwa nahesabu amekufa." Akawatolea mawili mapya, ya bei ya chini kuliko yote, yasiyo na jina kubwa, akawaonyesha tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka yalipotengenezwa, akasema tairi lisiloonyesha tarakimu hizo mtu asilichukue hata kwa zawadi. Evance akazisoma kwa sauti. Justina akatia mkono ndani, kwa ukamilifu wa kazi. Mama Kantaben akamwambia, "Mpya hilo, dada," naye akasema, "Hata gunia la padri nilikuwa natia mkono."

Fundi aliyafunga nyuma. Ya mbele yalibaki ya zamani, yamelika mpaka yanateleza mkononi. Wakasimama wanayatazama, mtu na mama mkwe wake, bega kwa bega, kila mmoja akitazama mbele.

"Hela ingebaki mfukoni ingepata kazi nyingine," Evance akasema, kama anayejitetea. "Ndiyo maana nimenunua haya leo. Lakini kwa haya ya mbele, barabara kuu siwezi kuwapakia." Akaligusa tairi la mbele kwa ncha ya kiatu. "Mama, naomba watoto wakae kwako mpaka mshahara. Shule kwako ni karibu. Gari nitaliacha uani, mimi nitapanda basi."

Miaka kumi na miwili, na hilo ndilo lilikuwa ombi la kwanza kutoka kinywani mwake. Justina alijua limemgharimu kuliko matairi. Hakutaka kulifanya kubwa.

"Walete na madaftari yao," akasema. "Na Limi alete dawa yake ya mdomo."

Watoto walikaa siku kumi na tisa. Jioni baba yao alipitia kuwaona kabla ya basi. Heshima ya Ushirombo haikufa kwa siku moja. Bado alikula peke yake, na Justina bado alipita upande wa pili wa ua. Ila neno likiwapo alilisema mwenyewe: kwamba madarasa yana wanafunzi tisini, kwamba mkopo wa kiwanja unakatwa kila mwezi, kwamba Vaileth anaumwa mgongo na hasemi. Justina alisikiliza akiwa anachambua mchele, mgongo umemgeukia, na alisikia vizuri.

Mwisho wa mwezi Evance akaja na matairi mawili kwenye bajaji. Mapya, kutoka dukani kulekule. Aliyateremsha uani, akasimama.

"Mama, kabla fundi hajafika, naomba uyaangalie."

Justina alikuwa anaosha vyombo. Alikausha mikono, akakunja mkono wa gauni, akainama. La kwanza alilimaliza upesi. La pili alikawia nalo, amefumba macho, mkono umezama mpaka kwapani, mpaka Evance akaingiwa na wasiwasi.

"Lina nini, mama?"

"Halina kitu," Justina akasema, mkono ukiwa bado ndani. "Nakagua tu. Hebu niambie, huo mkopo wa kiwanja umebaki miezi mingapi?"