Leo nimeona mwisho wa ile filamu ya wezi saba

Jamani, leo nimemaliza filamu niliyoianza machimboni Runzewe miaka ya tisini!

Ni ile ya wezi saba wanaochimba handaki hadi chini ya benki. Hakuna anayeitaja, lakini kwangu hakuna tamu kama ile. Walivyopendana wale watu! Walivyokuwa wakitaniana huku wanachimba!

Siku ile, jenereta la banda la video lilizimika wezi wakiwa bado handakini. Wachimbaji wa dhahabu waliojaa bandani wakapiga kelele. Dada yangu Kabula, aliyekuwa akiuza chai pale, akasimama akatusimulia mwisho: wote wametoka, mpishi wao kanunua ng'ombe, dereva kaoa.

Banda zima likatulia, kama tunaota pamoja.

"Uliiona wapi?" nikamuuliza baadaye.

"Sijaiona. Ila hawa kesho wanashuka shimoni. Ningewaambia nini?"

Leo binti yangu kaipata kwenye simu. Mwishoni handaki linawafukia.

Nikampigia Kabula. "Shikamoo dada. Kumbe walikufa wote."

"Marahaba. Wa kwangu walitoka, mdogo wangu."

Nyie mngechukua mwisho upi? Mimi nimebaki na wa Kabula.