Mratibu Aliyenitangaza Gulioni Muyama

Mratibu wetu, Zabroni Kageze, alimnyang'anya mwenzangu kipaza sauti, akaninyooshea kidole mbele ya gulio zima la Muyama. "Mnamwona huyu mama anayewavunja mbavu? Ana virusi! Na bado anacheza!"

Ngoma ikanyamaza. Mstari wa mbele, kwenye kigoda cha kuazima, alikaa mama yangu mzazi. Alikuwa hajui.

Jina nimelitaja kwa makusudi. Sasa nirudi nyuma niwaeleze vijana kazi yenyewe, maana ilikuwa kazi tamu, na sikubali ikumbukwe kwa siku moja ya mtu mmoja.

Siku ya kwanza niliripoti Kibondo, kwenye ua wa kikundi cha sanaa, na elimu yangu ya darasa la nne tu. Nilikuwa nimeshaanza dawa za kufubaza virusi, na mume alishanikimbia. Kiongozi wa kikundi tulimwita Mwalimu, mama mnene mwenye sauti ya kufukuza nyani shambani. Hakuniuliza cheti.

"Unaweza kulewa?"

"Mwalimu, mimi mlokole."

"Sijakuuliza kunywa. Nimekuuliza kulewa."

Nikalewa palepale, nikapepesuka mpaka nikaangukia sufuria la maharage ya mchana. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa Baba Jeni, mlevi asiyetaka kupima, na tumbo la kanga zilizoviringishwa.

Kazi ilianza na ngoma, kwa sababu mtu aliye mbali huwezi kumwambia kitu. Wanawake wanainua mikono kama pembe za ng'ombe, gulio linasogea lenyewe. Halafu linakuja igizo, na igizo letu tulilikata katikati kwa kusudi. Baba Jeni akianza kumfokea mkewe, anatokea mchokoza mada, yule anayesimama kati ya wachezaji na watu, anapiga makofi: "Simameni hapo! Nani angefanya vingine?" Mwenye jibu haruhusiwi kulitoa akiwa amekaa. Anaingia uwanjani, anamtoa mchezaji, anachukua nafasi yake na kuonyesha. Pembeni lipo hema la wauguzi la kupimia.

Kibondo bibi mmoja aliingia na fimbo, akamtoa mke wangu wa kuigiza, akanichapa mbili za miguu. "Ego, ndiyo hivyo, sasa atapima!" Watu walilala chini kwa kicheko. Kesho yake sokoni wauza maharage walikataa kuniuzia. "Kapime kwanza, Baba Jeni!" Tulipopelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akina mama wa Kikongo walipiga kelele: "Ule ni mulevi ya kweli! Mumupatie maji!" Nikaletewa ndoo nzima, na nikainywa kwa kata, maana mlevi hawezi kukataa. Nilijiona tajiri.

Mwalimu alikuwa na amri moja. "Siri ya mchezaji haichezwi. Ukitaka kusema yako, utasema kwa kinywa chako, siku unayoitaka wewe." Mratibu, mtu wa shirika lililotufadhili, aliyetupangia safari, aliijua amri hiyo. Na yangu aliijua kwa sababu kila mara nilimwomba ruhusa ya kwenda kliniki.

Muyama ndiko nilikozaliwa. Mama alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Nilipanga kumwambia jioni ile, sisi wawili, tukimenya mihogo. Lakini siku hiyo walikuja wageni wa shirika, na hema lilikuwa tupu. Mratibu alitaka foleni. Akanitumia mimi kuipata.

Mama akainuka. Akavuka taratibu kamba ya kuzungushia uwanja.

"Bibi, kaa kwanza," Mratibu akasema.

"Si mmesema anayetaka kubadilisha aingie? Nimeingia. Toka, nafasi yako naichukua mimi."

Mtu mzima akatoka, afanyeje? Mama akashika kipaza sauti kichwa chini miguu juu, mwenzangu akamgeuzia. "Mawe!" akasema, yaani mama wee kwa lugha ya kwetu. "Huyu ni binti yangu. Amewachekesha. Mpigieni makofi. Basi." Kisha akamgeukia Mratibu: "Hivyo ndivyo inavyosemwa." Na kwangu, kwa sauti ile ile ya kipaza: "Na hilo tumbo lako linateleza."

Gulio lililipuka. Ngoma zikarudi zenyewe. Mama akacheza mikono juu, na mimi nikacheza naye, tumbo likiwa limefika magotini. Alipochoka akaniongoza mpaka hemani, akapima yeye wa kwanza, na nyuma yake watu wakajipanga.

Foleni ile ilikuwa ya mama. Zabroni aliandika kwenye ripoti kwamba mbinu yake imefanikiwa. Akapandishwa cheo. Wenzangu wawili waliacha kikundi wiki hiyo hiyo wakiogopa kuwa wao ndio wanaofuata, na mmoja aliacha hata kliniki. Bila wao kikundi kilikufa.

Siku hizi magoti hayataki tena ulevi. Nalima maharage na mama hapa Muyama, nameza dawa zangu, na watu bado wananiita Baba Jeni. Nyinyi mtakaoshika kazi hii, ichezeni kwa furaha, ndivyo inavyofanya kazi.

Ila wewe, Zabroni Kageze, bado una jambo na mimi. Kichwa hiki ni changu, ugonjwa ni wangu, mama ni wangu. Nani alikupa ruhusa? Usiniandikie barua, mimi si msomaji mzuri. Gulio lipo kila wiki. Njoo usimame pale walipokusikia, ujibu kwa kinywa chako, na usitume mwakilishi.